Gia na Lori Lisilonguruma

Wenzake walimwita Gia. Kwa miaka kumi na tisa aliendesha lori la dizeli, na sikio lake lilijua saa ya kubadilisha gia kabla mkono haujajua. Kazi yake ilikuwa kupeleka unga kwenye maduka na tanuri za mikate ng'ambo ya milima mitatu, kisha kurudi ghalani jua likiwa bado juu. Njia ile ilikuwa yake. Waoka mikate hawakutazama saa, walisikiliza honi yake.

Ndipo bosi akanunua lori la umeme. Halikunguruma, halikutoa moshi, na badala ya gia lilikuwa na kitufe cha kuzungusha: mbele, nyutro ya kuliachia huru, nyuma. Siku ya kwanza liliishiwa chaji kwenye mlima wa mwisho wa kurudi, likavutwa na trekta lililobeba samadi, na madereva wakajipanga getini kulitazama likiingia. Siku ya pili likagoma palepale. Gia akaenda ofisini akasema betri ni mbovu, na tena lori lenyewe ni la mjini, la kwenda tambarare, milima haliiwezi.

Bosi hakubishana naye. Alisema Ijumaa ni jaribio la mwisho. Likishindwa litarudishwa lilikotoka, njia ya milimani atapewa mwenye malori ya kukodi, na Gia atawekewa kiti getini awe anaandika namba za magari.

Habari ya kile kiti ilimkosesha usingizi. Mkewe, ambaye alikuwa mtu wa sala na maneno machache, alimsikia akigeuka-geuka kitandani kama chapati, asubuhi akamwambia Ijumaa wataongozana. Ana dada yake ng'ambo ya mlima wa tatu, hajamwona siku nyingi. Gia akasema lori si sofa. Akajibiwa kwamba mkoba umeshafungwa.

Kupanda, lori lilikwenda kama siafu na punje ya sukari, halilalamiki wala halichoki. Moyoni Gia alikiri kwamba hapo lile la dizeli lilikuwa limeachwa mbali. Kila alipofika kileleni alizungusha kitufe kwenye nyutro, akaliachia liteleze, mguu ukichezea breki. Ndivyo alivyokuwa akiokoa mafuta miaka yote, na kawaida ni kama sheria. Mkewe alichungulia bonde mara moja tu, akamtaja Mungu, akaamua macho yake yakae kwenye namba ya chaji iliyokuwa ikiwaka karibu na usukani.

Walishusha unga, wakanywa chai kwa dada mtu, wakageuza. Namba ilisoma arobaini na nne. Walipomaliza kupanda mlima wa kwanza wa kurudi ilikuwa ishirini na nane, na bado miwili. Gia alipiga hesabu, akaona haitafika. Akaondoa mguu kwenye pedeli, akanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Baba watoto, hiyo namba imepanda."

"Ya chaji haipandi, mama watoto. Inapungua tu, kama nywele zangu."

"Imepanda. Ukiondoa mguu inapanda, ukizungusha hicho kidude inasimama. Nimeiona tangu asubuhi, nikanyamaza kwa kuwa ulikuwa umenuna."

Gia akamweleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto, kwamba bila nyutro lori hili linamshika shati, linajizuia lenyewe kwenye mteremko.

"Basi liache likushike. Mimi nimekushika miaka thelathini, umepungukiwa nini?"

Akaliacha, nusu kwa hasira, ili amwonyeshe kosa lake. Lori likashuka polepole, likivuma kidogo kama nyuki walioshiba. Mguu haukugusa breki, na ile harufu ya kuungua aliyoizoea haikuja. Ishirini na tisa. Thelathini. Bondeni namba ilisoma thelathini na nne: kumbe lori likijizuia, magurudumu huirudishia betri umeme. Hapo alikumbuka siku ya mafunzo: fundi alipoanza habari za miteremko, yeye alitoka nje kunywa chai, akisema hakuna wa kumfundisha kushuka mlima.

Mlima wa pili ulikula chaji, mteremko wake ukairudisha kidogo. Pale pa aibu kwenye mlima wa mwisho, lori lilipogoma mara mbili, walipapita bila kusimama. Waliingia getini kimya kiasi kwamba madereva waliojipanga walikuwa bado wanatazama barabarani; ikabidi apige honi. Chaji kumi na nne.

Bosi akauliza betri imerekebishwa na nani. Njia ilikuwa imeshapona. Gia angeweza kusema betri imeamka yenyewe, na hakuna ambaye angejua. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba, amemwachia yeye na Mungu wake.

"Betri nzima, bosi. Kibovu kilikuwa mkono wangu. Mama watoto ndiye aliyeona."

Madereva walicheka mpaka mmoja akashikilia geti. Bosi naye alicheka, halafu akasema Jumatatu unga upakiwe mapema, wa milimani wanaungoja.

Gia akamchukulia mkewe mkoba, mbele ya wote, wakashika njia ya nyumbani kwa miguu.

"Jumatatu tunakwenda?" akamuuliza.

"Utakwenda mwenyewe," mkewe akasema. "Umeshajua kushuka."