Mguu wa Mbula

Mke wangu Mbula aligonga geti ya kanisa na hii vani yetu ya dizeli, na mimi mbele ya kwaya yote nikasema ati mguu wake ni wa kukanyaga cherehani, si breki. Watu wakacheka. Nikachukua funguo, na miaka sita hajashika usukani.

Sasa juzi breki ikakuwa ngumu hata kwangu, mimi na Mbula tukapeleka gari Ruiru kwa Dianah, yule fundi msichana. Akafungua.

"Mzee, pampu ya kusaidia breki ilianza kufa kitambo, sasa imeisha kabisa. Na hii busta, ile inaongezea mguu nguvu, ni ndogo. Kwani ulikuwa unasimamisha gari na nini?"

Akaweka pampu mpya na busta kubwa. Tukiwa hapo Mbula akajaribu. Aligusa pedali tu, gari ikasimama.

"Mguu wa cherehani," akasema.

Nikaangalia chini. Nikamwambia pole.

"Hapana, baba Kyengo. Hiyo pole utaisema mbele ya kwaya."

Leo ni Jumapili. Yeye ndiye anaendesha. Mimi nimekaa kando yake, narudia ile pole kwa moyo, na kwaya imesimama pale kwa geti.