Mtumbwi wa Karibu na Mlango

Kabla ya kupika rubisi, pombe yetu ya ndizi, nilianika dagaa kisiwani Goziba miaka sita. Dada Chetna, ambaye familia yake iliuza vitambaa Bukoba tangu enzi za babu yake, alifunga duka akafungua kiwanda kidogo cha rubisi huku Buhembe. Alinichukua nioshe chupa kwa mwezi mmoja.

"Ukijifunza kupika, unabaki," aliniambia. "Chupa anaweza kuosha yeyote."

Moyoni nilishaamua kutorudi kwenye dagaa, ila sikumwambia mtu. Mimi si msemaji.

Aliyenifundisha ni Mzee Ildefons, mpishi wa siku nyingi, ambaye kwa heshima sote tulimwita Ta Ildefons. Kwa wapishi wa zamani kama yeye, kukanyaga ndizi ni kazi ya wanaume. Siku ya kwanza aliponiona nimekunja sketi, alicheka akaniita mwisiki, yaani msichana.

"Mwisiki wa dagaa! Rubisi yetu itanuka samaki."

Nikaosha miguu mara tatu. Nilipoanza ya nne akasema, "Inatosha, waitu, utamaliza maji ya Buhembe."

Tunakanyaga ndizi mbivu pamoja na majani ndani ya gogo lililochongwa kama mtumbwi. Juisi ikishachujwa tunaichanganya na maji na mtama uliokaangwa ukasagwa, kisha tunaifunika kwa majani ya migomba. Kesho yake huchemka yenyewe, bila moto. Hapo Ta Ildefons hupiga magoti, huweka sikio ubavuni mwa mtumbwi na kufumba macho. "Inaongea," husema, nasi tunajua itakuwa tayari.

Wiki ya tatu Mzee Mwijage wa Muleba alitaka mitumbwi miwili kwa harusi ya binti yake, Jumamosi. Tulikanyaga Alhamisi. Usiku mvua ilinyesha na upepo ukaingia kupitia mlangoni.

Ijumaa asubuhi Ta Ildefons aliusikiliza mtumbwi wa kwanza. "Inaongea." Niliinama baada yake nikasikia kama manyunyu juu ya bati. Akaenda kwenye ule wa karibu na mlango. "Na hii inaongea."

Niliinama. Hakukuwa na kitu. Nilibana pumzi nikasikiliza tena, nikasikia moyo wangu tu.

Ndipo nikakumbuka mambo. Nikimuuliza tuweke mtama vibaba vingapi, alikuwa akijibu "ndiyo, ndiyo." Redio yake ilisikika mpaka barabarani. Kumbe mzee hasikii vizuri, na sijui ni tangu lini.

Dada Chetna alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo na simu sikioni. "Ta Ildefons, Mzee Mwijage anauliza. Nimwambie kesho iko tayari?"

"Mwambie!"

Nikisema pale, nitamwaibisha mzee mbele ya bosi wake. Nikinyamaza, wageni wa Muleba watakunywa maji ya ndizi, na mimi nitapanda boti kurudi Goziba. Ulimi ulikuwa mzito kama kawaida yake. Nilimshika mkono Ta Ildefons, nikauingiza chini ya majani ya mtumbwi wa kwanza. Kulikuwa na joto kama ubavu wa ng'ombe. Kisha nikauingiza kwenye wa pili.

Alinitazama. Mkono wake ulikaa mle kwenye baridi muda mrefu.

"Chetna!" aliita. "Mtumbwi mmoja umelala. Mwambie tunauamsha."

"Umelala? Si umesema sasa hivi unaongea?"

"Nilisema mmoja."

"Ulisema na huu!"

"Basi nilikosea. Leta blanketi." Akanigeukia. "Kokubanza, tufanyeje?"

Hakuwahi kuniuliza. Wiki ya kwanza nilikuwa nimemwona akiliamsha dumu moja lililochelewa kuchemka, basi nikamjibu kwa sauti yangu ndogo ya siku zote.

"Sema kwa nguvu, mwisiki. Mimi ni mzee."

Nikapiga kelele. "Tuchote povu la ule, tuumwagie huu! Tufunge mlango! Tuweke jiko la mkaa hapa pembeni!"

Jirani yetu Anatolia alichungulia dirishani kuona nani anagombana. Dada Chetna alicheka mpaka simu ikamponyoka. "Kumbe una sauti!"

Tulichota, tukafunika, tukapepea mkaa. Saa tisa alasiri niliweka sikio. Mwanzoni kilisikika kiputo kimoja, halafu vingine, kisha manyunyu yakajaa bati zima. Nikamwambia Ta Ildefons kwa kelele ileile. Akaingiza mkono chini ya majani, akatabasamu.

Jumamosi tulifika harusini Muleba. Huko, kabla wageni hawajanywa, mpishi hunywa kwanza mbele yao waone ni salama. Mzee Mwijage alijaza kibuyu kimoja kwa rubisi ya kila mtumbwi. Ta Ildefons alikunywa cha kwanza. Cha pili akanipa mimi.

"Hiki kapika huyu."

"Huyu msichana?" sauti ziliuliza nyuma. "Toka lini?"

Ta Ildefons hakuwajibu. Labda hakusikia. Nilikunywa macho yote ya Muleba yakinitazama. Ilikuwa kali kidogo, na uchungu wa mtama ulibaki ulimini vizuri. Nilipokishusha kibuyu, Mzee Mwijage alikuwa ameshanyoosha mkono akitaka chake.

Jumatatu nilimkuta Anatolia ameinamia beseni langu la chupa, anaimba. Ta Ildefons alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka kwenye mtumbwi mpya, mikono magotini.

"Haya," alisema. "Niambie inasema nini."

Nikapiga magoti.