Mkono wa Mama Tanuri

Mama Tanuri alikuwa na mikono inayofanya kazi bila kumuuliza mwenyewe. Miaka yote aliyokuwa bekari, kabla magoti hayajamgomea, mikono hiyo ilikanda, ikapaka mafuta, ikageuza trei, huku yeye akili yake iko kwenye soga na wenzake. Kazi ndiyo ilimfundisha hivyo, kwamba ukianza kuwaza, mkate unaungua. Wenzake wakampa jina la Tanuri, likamganda mpaka mumewe naye akaacha kumwita jina lake.

Basi Jumamosi hiyo asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu lile balaa, mkwewe, mke wa mwanawe, alimletea mjukuu ashinde naye.

Balaa lenyewe halihitaji maneno mengi, ila usipolijua hutaelewa kwa nini mwanamke mzima atetemeke mbele ya keki. Mjukuu, ambaye ukoo mzima humwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika, hapatani na maziwa ya ng'ombe. Akiyagusa, midomo inafura na pumzi inakuwa ya kutafutwa. Bibi yake aliambiwa, akaitikia, ila moyoni akasema watoto wa siku hizi wanadekezwa. Mwaka jana akampa kipande cha skonzi. Skonzi hizo alikuwa amezipaka maziwa juu ili zing'ae, jambo ambalo mwokaji hulifanya kama wewe unavyofuta miguu mlangoni. Mtoto alipoanza kufura, mkwe akapiga simu kuulizia hali, na Mama Tanuri akamjibu, "Hamna neno, nadhani kaumwa na mdudu."

Aliamini alichosema? Nusu aliamini, nusu alijipa moyo. Robo saa nzima ilipotea kwa ajili ya mdudu asiyekuwepo. Mungu si Athumani, mtoto aliwahishwa hospitali, akapona. Lakini tangu siku hiyo Chiriku hakuachwa tena na bibi yake hata kwa muda wa kwenda dukani na kurudi. Mkwe hakugomba. Alimwamkia vilevile, alileta sukari na sabuni vilevile, ila mtoto alimkalisha mapajani mwake tangu ziara inaanza mpaka inakwisha. Mama Tanuri angepewa kuchagua, angechagua matusi.

Wala hakuletewa mtoto kwa kuwa amesamehewa. Mkwe alikuwa msusi, na msusi asiyefungua Jumamosi afadhali auze viti vyake. Mumewe dereva wa malori alikuwa safarini, na jirani aliyezoea kumshikia mtoto alikuwa amehama. Shida haina adabu, ilimleta mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Sikai, wateja wananisubiri. Chakula chake kiko kwenye mkoba, na dawa iko mfuko wa mbele. Akitaka kitu kingine..."

"Nitamwokea keki," Mama Tanuri akasema, haraka kidogo kuliko alivyopanga. "Ya maziwa ya oti. Nimeyatengeneza mwenyewe, hayajakaribiana na ng'ombe hata kwa mbali."

Mkwe alimtazama, akautazama mkoba, akamtazama tena. Ukweli ni kwamba alitaka kusema hapana, na Mama Tanuri aliiona hiyo hapana ikifika mdomoni kisha ikarudi.

"Sawa, mama," akasema, akaenda zake.

Maziwa hayo ya oti usiyadharau. Mama Tanuri aliyahangaikia kama mwanafunzi. Alianza na soya, nyumba nzima ikanuka maharage mabichi. Akaja kwenye tui la nazi. Tui alilijua tangu hajaota meno, na alipoambiwa kwamba nalo linahesabiwa kati ya maziwa ya mimea alicheka, "Kumbe sisi tulikuwa wa kisasa siku zote." Keki ya tui ilitoka nzuri, ila Chiriku haivumilii harufu ya nazi hata kwenye mafuta ya nywele. Ndipo akaziendea oti, hizihizi za uji, nazo zikamtoa jasho. Mara ya kwanza alizisaga kwenye blenda mpaka zikasalimu amri, kisha akazikamua kwenye kitambaa kwa nguvu kama anayefua shuka. Alichopata kilivutika kama mlenda, na keki yake ikakaa chini kama tofali. Mara nyingine akazichemsha, zikawa uji. Mwishowe akagundua kwamba oti hazitaki hasira. Maji yawe baridi, blenda ilie kidogo tu, kitambaa kisikamuliwe bali kiachwe kitone chenyewe. Ukitia kijiko cha siki ndani yake na beking pauda kwenye unga, keki inanyanyuka bila kinyongo.

Makosa yote hayo aliyala babu, fundi cherehani mstaafu, mtu asiyejua kukataa chakula. Daktari alikuwa amemkataza siagi na nyama nono, lakini kuhusu tofali za oti hakusema kitu.

Siku hiyo kazi ilikwenda kama maji. Chiriku alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akasimulia habari za paka wa jirani, za mtoto fulani anayekula kalamu, na za kwa nini mwezi haudondoki. Bibi aliitikia, akacheka, akauliza maswali, na mikono ikaendelea na mambo yake. Keki ikaiva, ikatoka, ikapinduliwa juu ya sahani, rangi yake ya kahawia kama udongo uliolowa. Kwa mwaka mzima Mama Tanuri hakuwa na raha kama aliyokuwa nayo dakika ile.

Aligeuka kuchukua kitambaa. Ndipo akaliona kopo la siagi.

Kopo hilo lilikuwa lake mwenyewe, la mkate wa asubuhi, na kabla mtoto hajaja alikuwa amelificha nyuma ya mfuko wa unga, ndani kabisa. Sasa lilikuwa mbele, mfuniko umekaa upande. Alilifungua. Juu ya siagi palikuwa na mfereji mpya wa kidole.

Bekari hawakupaka sufuria za keki kwa brashi. Brashi ilikuwa ya wageni, wenyeji walitumia vidole. Kwenye meza chupa ya mafuta ya alizeti ilisimama, ileile aliyoiandaa kwa ajili ya kupaka, na Mama Tanuri aliitazama kama anayemtazama shahidi bubu. Alijaribu kukumbuka wakati wa kupaka ile sufuria. Alikumbuka paka wa jirani. Alikumbuka kalamu iliyoliwa. Kidole chake kilikuwa wapi wakati huo, hakuwa na habari.

Akatoka mpaka barazani, ambako babu alikuwa anasikiliza redio.

"Umegusa siagi?"

"Mimi?" babu akasema, macho yakiwa kwenye redio. "Siagi si nimekatazwa na daktari?"

"Umegusa au hukugusa?"

"Sikugusa bwana. Hebu niache nisikilize."

Basi ni mimi, Mama Tanuri akajiambia. Aliporudi jikoni alimkuta Chiriku amesimama kando ya sahani, ukingo wa keki umemegwa, na shavu moja limejaa.

"Ni tamu, bibi," Chiriku akasema, akameza.

Mama Tanuri alimbeba mpaka mlangoni penye mwanga, akamtazama midomo, akamtazama macho, akamtazama shingo. Hakuona kitu. Na hapo shetani, ambaye hakosi hoja, akaanza kumsemesha. Mtoto mzima huyu. Pengine ulipaka alizeti. Ngoja kwanza uone. Ukipiga simu sasa, na ikawa si kitu, umejimaliza bure: Mama Tanuri yuleyule, skonzi zilezile, na mjukuu utamwona tena siku ya harusi yake. Keki itupe kimya kimya, sema imeungua. Nani atajua?

Maneno hayo aliyatambua. Yalikuwa ndugu wa yule mdudu wa mwaka jana.

Alipiga simu huku dawa ameishika mkono wa pili.

"Mwanangu, nisikilize. Chiriku amemega keki. Maziwa ni ya oti, lakini nahofia sufuria niliipaka siagi. Sijui. Sikumbuki nilipaka nini. Dawa ninayo hapa mkononi."

Upande wa pili kikasikika kitu kikianguka.

"Midomo?"

"Haijafura."

"Anapumua vipi?"

"Anapumua vizuri. Anaongea."

"Mpe simu, mama. Muache aongee, wala msikate. Akianza kukohoa au akinyamaza tu, mpe dawa hapohapo na uite gari la hospitali. Nakuja."

Chiriku akapewa simu, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwomba aongee maishani mwake, aliitumia nafasi hiyo ipasavyo. Alimweleza mama yake habari za ndoo, za keki, za paka, akaimba kidogo, akarudi kwenye paka. Mama Tanuri alipiga magoti mbele yake, yale magoti mabovu, akisikiliza kila pumzi kati ya neno na neno. Kwenye simu vilisikika viatu vikipiga barabara na sauti ikihema, "Enhe? Halafu paka akafanyaje?" Hajawahi paka wa jirani kuwa na maana kiasi hicho kwa watu wawili.

Mkwe alifika jasho linamtoka, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake na uzi wa kusukia umemning'inia begani. Alimchukua mtoto, akamkagua ulimi, akamfunua mgongo, akamwekea sikio kifuani. Babu naye alikuwa ameingia jikoni kuona kuna nini. Walikaa hivyo muda mrefu, hakuna aliyegusa kiti wala kusogeza sahani, na aliyeongea alikuwa mmoja tu.

"Haonyeshi kitu," mkwe akasema hatimaye. "Alimega wapi?"

"Ukingoni. Palepale panapogusa sufuria." Mama Tanuri alisukuma kopo la siagi mbele ya mkwewe. "Ona mwenyewe. Kidole hiki, na mimi sikumbuki. Mikono yangu imezeeka na tabia zake, mwanangu. Keki hii naitupa, na sitakuomba tena uniachie mtoto."

Akaibeba sahani kuelekea kwenye pipa la taka.

"Ngoja," babu akasema.

Wote wakamgeukia. Mzee wa watu aliangalia dari, akaangalia sakafu, akajipapasa mfuko wa shati kana kwamba jibu lilikuwa humo.

"Hicho kidole ni changu."

"Chako?" Mama Tanuri akauliza. "Si nimekuuliza?"

"Umeniuliza kama daktari, nikakujibu kama mgonjwa. Ulipokwenda kumpokea mtoto mlangoni niliingia nikapaka kipande cha mkate. Kidogo tu." Akafikiri. "Viwili."

Mama Tanuri alifungua mdomo apate kumwambia mumewe maneno ambayo yangemtosha mpaka mwaka kesho, lakini mdomo ukamsaliti. Alicheka. Alicheka mpaka akaitua sahani, akaishikilia meza, na machozi yakamtoka hapohapo bila kutenganishwa na kicheko, na mzigo aliokuwa nao kifuani tangu mwaka jana ukamshuka kama gunia linavyomshuka hamali. Mkwe alikaa chini sakafuni, mgongo umeegemea kabati, akacheka naye kwa sauti dhaifu ya mtu aliyekimbia.

Kicheko kilipokwisha, Mama Tanuri alijifuta uso.

"Nisamehe, nimekukimbiza kazini bure."

"Si bure," mkwe akasema. Aliuvuta ule uzi begani, akauzungusha kidoleni. "Unajua, mama, siku ile sikukukasirikia kwa ajili ya skonzi. Skonzi hata mimi ningeweza kukosea, mtu hawezi kujua kila kitu. Kilichoniuma ni yule mdudu. Kila nikitaka kukuachia mtoto nilikuwa najiuliza, likitokea jambo, nitaambiwa?"

Mama Tanuri alilifunika kopo la siagi, na safari hii hakutafuta kisingizio.

Simu ya mkwe ikalia. Sauti ya mwanamke ilisikika mpaka dirishani, ikiuliza kama nusu ya kichwa iliyobaki itasukwa leo au aende nayo harusini hivyohivyo.

"Nakuja, dada yangu, nisamehe, niko njiani," mkwe akasema, akasimama, akajikung'uta unga kwenye sketi. Akamtazama tena Chiriku midomo, kwa makini, akambusu kichwani. Kisha akachukua kisu, akajikatia kipande cha keki, akakila amesimama.

"Laini," akasema kwa mshangao ambao hakuuficha. "Mama, hii ni oti kweli?"

"Oti na siki kidogo."

"Mpe akitaka. Muangalie tu, na simu iwe karibu." Akafika mlangoni, akageuka. "Na Jumamosi ijayo nitamleta mapema zaidi, maana nina mabibi harusi wawili."

Akaondoka mbiombio, mikono mitupu. Mama Tanuri alisimama kizingitini akimtazama mpaka alipokunja kona, na mkwe hakugeuka nyuma hata mara moja. Mtoto alikuwa amebaki.

"Bibi, mbona unalia?" Chiriku akauliza. "Keki mbaya?"

"Keki nzuri, mama yangu. Njoo nikukatie."