Aliyemfundisha Shige Herufi

"Theluji haitayeyuka kabla sijajua kusoma mpaka maandishi ya makaburini!" Shige aliwatangazia wateja wake huku akikata tofu, ile jibini laini ya soya aliyokuwa akiuza, kiganjani. "Tena sitaki mtu wa kunishika mkono!"

Wanawake waliokuja na mabakuli yao wakaangua kicheko.

"Dada Shige, si juzi tu ulishika gazeti juu chini?" akasema Otoyo, jirani yake.

"Nilikuwa namsomea paka. Yeye ndiye aliyekaa upande ule."

Kwa mdomo, Shige hakuwa na mpinzani kijijini. Kwa mkono, Mungu mwenyewe ndiye ajuaye. Utotoni alipelekwa kulea watoto wa watu, na shule aliijua kwa kuchungulia dirishani, mtoto wa tajiri akiwa mgongoni. Sasa alikuwa mjane wa nywele nyeupe, na kila alasiri alikwenda kwenye ukumbi wa kijiji, ambako Mwalimu Nagai, binti mdogo kuliko hata mwanawe, aliwafundisha akina mama herufi zile nyepesi wanazoanza nazo watoto. Mwalimu alikuwa akipiga magoti nyuma ya mwanafunzi, anaufunika mkono wake kwa mkono wake mwenyewe, na brashi inakwenda kwa mikono miwili. Ndivyo walivyojifunza wote tangu zama za mababu. Shige akakataa.

"Mwalimu, mwanangu, mimi si mkokoteni wa kusukumwa."

Basi herufi zake zikatoka kama nyayo za kuku aliyekanyaga wino.

Mzaha pembeni, alikuwa na haraka yake. Mwezi wa nne kulikuwa na uchaguzi wa halmashauri ya kijiji, na kura ya kwetu haipigwi kwa alama: unaandika jina la mtu wako kwa mkono wako. Asiyejua kuandika humtajia karani, karani akamwandikia, na wasimamizi pale mezani wana masikio. Miaka yote Shige alitaja "Kuroiwa," mwenye kiwanda cha mbao, kwa sababu marehemu mumewe Yasaku alifanya kazi kwake na ndivyo alivyomwamuru. Safari hii mkunga Tani Kayo naye alikuwa anagombea, na alitaka kijiji kiajiri daktari. Fusae, binti ya Shige, alimpoteza mtoto wake wa kwanza kwa sababu daktari alikuwa ng'ambo ya mlima, na theluji ilifunga njia. Sasa alikuwa mjamzito tena. Lakini mumewe Fusae alikuwa akila mkate wa Kuroiwa. Shige angelitamka jina la mkunga mbele ya karani, kesho yake mkwewe angekuwa hana kazi. Hapakuwa na njia nyingine ila aandike mwenyewe, kimya kimya.

Asubuhi moja alipeleka wali wa mvuke kwenye kabati dogo la kuwakumbuka wafu pale sebuleni, akagonga kengele, akaitazama picha ya Yasaku. Yasaku alijua kusoma vizuri sana, lakini maisha yake yote alimwambia mkewe, "Wewe wa nini? Nitakusomea mimi."

"Bwana we," Shige akamtania, "umekaa tu huko unakula wali wa bure. Njoo basi unifundishe!"

Akacheka peke yake, akaenda kuloweka soya. Kila mtu kwetu anajua kwamba wafu hualikwa kiangazi, wakati wa sikukuu ya Bon. Huwashiwa moto mlangoni wa kuwapokea, na siku zikiisha huwashiwa mwingine wa kuwasindikiza. Shige alialika kwenye theluji, bila moto wowote. Mzaha ulimtoka kama chafya.

Karatasi ilikuwa adimu, kwa hiyo nyumbani alifanya mazoezi kwenye majivu ya jikoni, kwa kijiti cha chuma cha kuchokolea makaa. Kesho yake alikuta herufi zake za jana zimerekebishwa. Mkia uliokuwa umepinda ulikuwa umenyooka. Akadhani ni panya. Panya gani anayejua kuandika, hakujiuliza, maana alikuwa na tofu za kuchemsha.

Jioni ile alipiga magoti mbele ya majivu, akashika kijiti. Mkono ukamjia kwa nyuma, ukaufunika wake. Ulikuwa wa baridi kama tofu iliyopozwa kisimani, na ulinuka utomvu wa msonobari. Shige akahesabu vidole bila kutaka. Kidole cha shahada hakikuwapo. Cha Yasaku kilibaki kwenye msumeno wa Kuroiwa.

Angepiga kelele. Lakini kijiti kilikwenda, na kwenye majivu ikatokea herufi ya *ta*, nzuri, imenyooka, kama imechapwa. Shige akakaa pale pale.

Kesho yake ukumbini watu walishangaa.

"Bi Shige!" Mwalimu Nagai akasema. "Nani amekufundisha?"

"Kipaji tu, mwanangu. Kilikuwa kimelala."

Theluji ikaanza kutiririka kwenye mifereji, na Shige akawa anasoma vibao vya maduka na lebo za chupa za mchuzi wa soya. Kila siku mkono ulimjia mapema zaidi na kumkamata kwa nguvu zaidi. Jioni moja aliamua kujaribu jina la mkunga zima. Akaandika *ta*, akaandika *ni*, halafu vidole vinne vikambana hadi mifupa ikalia, vikayafuta yote, vikaandika jina jingine, polepole, ili alisome.

*Kuroiwa.*

Hapo ndipo alipojuta kujua kusoma.

"Rudi ulikotoka, bwana," akanong'ona. "Nimeshukuru, lakini rudi." Akatoka mlangoni na mabua ya katani, akajaribu kuwasha moto wa kumsindikiza. Mabua yalikuwa na unyevu. Yalitoa moshi tu, na moshi wenyewe ukarudi ndani ya nyumba.

Siku ya uchaguzi wanakijiji walijipanga kwenye ukumbi wa shule. Mezani, kati ya wasimamizi, alikaa mzee Zenroku, aliyekuwa akikata miti pamoja na Yasaku. "Leo hutaki karani, shemeji?" akauliza.

"Karani aende akalale. Mimi msomi."

Akaingia kibandani, akashika penseli. Kabla haijagusa karatasi, ubaridi ukampanda hadi kwenye kiwiko. Pumzi yenye harufu ya utomvu ikamgusa shingo. Penseli ikaanza kushuka yenyewe kuelekea kwenye herufi ya kwanza ya Kuroiwa. Shige akamwona Fusae akilini, tumbo mbele, amesimama kwenye theluji. Akafungua vidole, akaiacha penseli ianguke, akaidaka kwa mkono wa kushoto. Ndio ule ambao mama yake aliufunga kwa kitambaa alipokuwa mdogo, ili asiutumie kabisa. Huo hakuna aliyewahi kuushika aufundishe kuandika. Wa kulia ukabaki umekandamizwa mezani, na wa kushoto ukaandika *Tani Kayo* kwa nyayo za kuku, mbaya kupita zote, lakini zinasomeka.

Akaikunja karatasi, akaiacha penseli mezani, akauchomoa mkono wake wa kulia kutoka pale ulipokuwa umebanwa, akaitumbukiza kura sandukuni. Alikuwa ameshafika karibu na mlango Zenroku alipomwita kwa sauti ya chini.

"Shemeji. Sheria hairuhusu watu wawili kuingia kibanda kimoja."

"Wawili wapi, shemeji? Niliingia peke yangu. Macho yako yamezeeka."

Zenroku hakumtazama yeye. Alikuwa akitazama kibandani, na uso wake ulikuwa mweupe kama karatasi.

"Basi mwambie atoke," akasema. "Watu wanasubiri, na penseli bado anayo yeye."