Alama ya Vema

Tenri hakuwa mtu wa kubembelezwa wala wa kutishwa. Siku Pak Hardi, yaani Bwana Hardi, bosi wake pale Makassar, alipomwambia aliondoe lile neno "bado" kwenye programu, alimtazama tu, akaendelea kunywa kahawa yake.

"Nataka alama ya vema, ya kijani," Pak Hardi akarudia. "Mkunga akibonyeza aone kijani, afurahi, aende zake nyumbani. Wewe unamwekea manjano na maneno ya kumtia wasiwasi. Nani ananunua wasiwasi?"

"Kijani ni cha kilichofika, Pak. Kisichofika nikikipa kijani nimedanganya."

Programu yenyewe ilikuwa ya wakunga wa milima ya Enrekang, ya kuandikia chanjo za watoto. Huko juu mtandao huja unapojisikia. Kwa hiyo Tenri aliitengenezea ghala, akaliita Lumbung: rekodi inatulia ndani ya simu, mtandao ukirudi inajipeleka yenyewe makao makuu. Haikuwahi kupotea hata rekodi moja, na Tenri alijivunia hilo. Na kwa nini asijivunie? Sasa wilaya ilikuwa imegawa kompyuta kwenye zahanati, ikataka programu ifunguke kwenye kivinjari pia. Tenri akalijenga ghala upya, safari hii ndani ya kivinjari, na mara ya kwanza alama ya kijani aliiweka yeye mwenyewe.

Akaipeleka kwa Bu Rosmala, yaani Mama Rosmala, mkunga wa siku nyingi, aijaribu. Mama wa watu akashinda asubuhi nzima akinakili chanjo kutoka kwenye vitabu vya kliniki vya rangi ya waridi walivyokuja navyo akina mama, na kila mstari ukapata vema yake. Mchana mvua ikanyesha, umeme ukakatika, kama kawaida ya mvua za kule. Uliporudi, kompyuta ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Kumbe fundi wa wilaya alizipanga kompyuta zote zisahau kila kitu zikiwashwa upya, virusi visikae, kama zinavyopangwa kompyuta za kukodisha mitaani. Tenri amekulia kwenye kompyuta hizo akicheza michezo, na bado jambo hilo halikumjia akilini. Alijiona mjinga wa mwisho.

Bu Rosmala hakufoka. "Ulisema imehifadhiwa, mwanangu," alisema, kisha akachukua helmeti yake na kupanda tena mlima kuwatafuta wale akina mama na vitabu vyao nyumba kwa nyumba. Afadhali angemtukana.

Ndipo Tenri akaandika upya. Rekodi ikiwa haijafika makao makuu, kivinjari kinasema "Bado" kwa manjano, na kinaonyesha mraba wa vidoadoa uliobeba rekodi hiyo. Mkunga anaupiga picha kwa simu, rekodi inahamia kwenye simu, na huko iko salama.

"Kompyuta zao, mipango yao, kosa lao," Pak Hardi alisema. "Keshokutwa tunamwonyesha mkuu wa idara ya afya. Kijani, Tenri. La sivyo tafuta kazi kwingine."

"Nimesikia, Pak."

Kusikia si kukubali, ila Pak Hardi hakulijua hilo.

Siku ikafika. Mezani pa idara kulikuwa na kompyuta moja ya zile za zahanati, kahawa na jibini ya dangke iliyokaangwa. Mkuu, Bu Marwah, alikuwa amemwita Bu Rosmala naye aje aone. Pak Hardi akasema maneno matamu, kisha akampa Tenri ishara. Tenri akakata mtandao, akafungua programu ya kijani, akaandika jina la mtoto na chanjo ya surua. Vema ikang'aa. Bu Marwah akaitikia kwa kichwa.

Tenri akainama chini ya meza, akachomoa waya.

"Umeme umekatika, Bu," alisema. "Kama jana, na kama juzi."

Akachomeka tena, wakasubiri. Mtoto hayupo.

Pak Hardi akacheka peke yake. "Hitilafu ndogo tu hiyo."

"Si hitilafu, Pak. Ndicho kijani ulichoniagiza." Akafungua programu yake, akamwandika mtoto yuleyule. "Bado," kompyuta ikasema. Bu Rosmala akaupiga mraba picha. Tenri akachomoa waya mara ya pili. Mtoto alikuwepo, kwenye simu ya mkunga, na chanjo yake ya surua.

"Umejifukuza kazi mwenyewe," Pak Hardi akamnong'oneza, na chumba kizima kikasikia.

"Nifukuze. Lakini ghala hili nimelijenga kwa mikono yangu, na halitamdanganya mkunga tena."

Bu Marwah akamgeukia Bu Rosmala. "Wewe ndiye utakayeitumia. Ile ya kijani inapendeza macho. Hii ya manjano si itawatia wenzako hofu?"

Bu Rosmala akaiweka simu mezani taratibu.

"Nimezalisha wanawake wilaya hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi," alisema. "Sijawahi kumwambia mama mtoto ametoka na hali bado yuko tumboni. Mama akisikia bado, anasukuma. Nipeni hiyo inayosema bado."

Bu Marwah akamtazama Pak Hardi. Pak Hardi akajifuta jasho, akainama chini ya meza mwenyewe, akauchomeka waya.