Maji ya Ridwan

Milima ya Mandera ukiitazama alfajiri utadhani inaelea. Mwaka 1995 nilipanda huko kukusanya kuvumwani, yale madoa ya kijivu yanayong'ang'ania mawe kama upele uliokauka. Jamaa zangu Garissa walinicheka: Arbia kasoma hadi chuo kikuu, anakwenda kukwangua mawe! Mimi mtu akinicheka ndiyo kwanza naongeza mwendo.

Kuvumwani kavu hupukutika ukiigusa. Niliimwagia maji kidogo, nikaingoja ilainike, ndipo nikaibandua kwa kisu na kuitia kwenye bahasha yenye jina la mahali.

Nilikuwa nimeinama hivyo, chupa mkononi, niliposikia mtu akisoma Fatiha nyuma yangu. Alikuwa mama mfugaji, mbuzi wake wametapakaa bondeni. Alipomaliza alijipangusa uso kwa viganja.

"Nani iko hapa, abaayo, dada yangu?" aliuliza, kwa Kiswahili cha soko la mifugo.

"Hakuna mtu, mama. Ni jiwe tu."

"Jiwe tu, na wewe namwagia maji? Huku sisi namwagia kaburi."

Nilimwonyesha kazi yangu. Jiwe lilikuwa limeshageuka, kijivu kimekuwa kijani. Alichuchumaa, akalitazama muda mrefu mno.

"Mimi Saado," alisema hatimaye. "Mtoto yangu, Ridwan, iko huko juu. Ile kiangazi ya tisini na mbili. Tulizika kavu. Maji ya kunywa hakuna, ya kaburi tatoa wapi? Kila nikikunywa maji, mimi nasema, Ridwan iko na kiu."

Nilikuwa na dumu moja tu la maji, nalo ndilo lililokuwa kazi yangu yote. Likiisha, narudi Garissa na bahasha tupu, wanicheke vizuri. Nilipiga hesabu, kisha nikaona haya kwa kuipiga. Nikalibeba, tukapanda.

Kaburi lilikuwa rundo dogo la mawe yaliyookotwa papo hapo mlimani, kila moja na madoa yake. Saado alimimina taratibu, kuanzia kichwani hadi miguuni, akiita jina la mwanawe. Dumu likaisha. Tukachuchumaa kando.

Kijani kilianza jiwe moja, kikahamia la pili, hadi kaburi zima likachanua kwenye mlima ule mkavu. Sijawahi kuona kuvumwani nzuri kama zile. Kisu changu sikukitoa.

Saado aliweka kiganja juu ya mawe.

"Amekunywa," alisema.