Riwaya Iliyoliwa na Mchwa

Mchwa hawana adabu jamani. Kabati la mwalimu Theonest wa Nkololo lilijaa kalenda za zamani na viatu vilivyochakaa, lakini wao walikwenda moja kwa moja kwenye madaftari tisa ya riwaya yake. Kazi ya miaka sita, nakala moja tu. Aligundua Jumanne. Alhamisi asubuhi Debora, mtangazaji wa redio kutoka Bariadi mjini, akashuka kwenye bodaboda na kinasa sauti chake, amekuja kumhoji kwa ajili ya kipindi cha waandishi wa Simiyu. Theonest, kwa aibu, hakuwa amempigia kumwambia asije.

"Mwangaluka, mwalimu! Tuanze na ukurasa wa kwanza, utusomee."

Riwaya ile ilihusu kifo cha mama yake Theonest. Yeye alikuwa chuo cha ualimu, yuko kwenye mitihani, mama akaumwa wiki tatu nzima, na kijijini hakutokea hata mtu mmoja wa kumwita. Alipofika alikuta kaburi. Hasira ile ndiyo iliyomshikisha kalamu, na sasa alijiona kama mtu aliyefiwa mara ya pili.

"Hakuna ukurasa," akasema. "Mchwa wamekula kitabu chote. Nisamehe, nimekupotezea siku."

Barazani, shangazi yake Klementina, mama yake mkubwa Anyesi na jirani yao Violeth walikuwa wanachambua pamba, safi huku, fifi yenye uchafu kule. Kila msimu Theonest aliwasomea alichoandika wakiwa kwenye kazi hiyo, ili wasichoke. Klementina, ambaye kwenye fomu huweka dole gumba, hakuinua hata kichwa.

"'Mama yangu walimzika siku ya mnada, na hakuna aliyeacha kuuza,'" akasema.

Theonest akageuka. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza, neno kwa neno! Klementina akaendelea, pamba inapita mikononi, mpaka Violeth akamdaka.

"Umeruka, dada. Kabla ya hapo kuna yule ng'ombe mwekundu."

"Haya, mtoe wewe."

Violeth akamtoa, na pembe zake zote. Debora akawasha kinasa sauti bila kuuliza. Sura ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia. Walibishana, wakasahihishana, wakakumbuka hata aya alizokuwa amezifuta. Miaka yote Theonest alidhani anawachangamsha tu, kumbe walikuwa wanaweka.

"Mama zangu, mmewezaje?" Debora akauliza.

"Kwani nyimbo za jembe nani alituandikia?" akajibu Klementina.

Sura ya nane ilikuwa ya Anyesi. Alifika mahali mgonjwa anapokata roho, na mikono yake ikasimama.

"Hapa ulisoma kwamba hakuna aliyekutaja," akamwambia Theonest. "Sisi, ng'wanawane, hapa hatukupashika ulivyosoma."

"Mlipashikaje, mayu?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono. Kila siku tulimwomba tukuite. Akasema, 'Asiitwe, amalize mtihani. Atakayemwita sina radhi naye.' Akatuapisha, na wewe usiambiwe. Neno la mtu anayekufa nani alivunje?"

"Nami nikawasomea kwamba mlinisahau."

"Ukatusomea. Tukachambua pamba."

"Misimu sita, mayu?"

"Sita. Lakini sasa kitabu kitaandikwa upya, na mimi nimezeeka. Nikaona bora nibebe mimi lawama ya kiapo kuliko kiandikwe vile tena."

Theonest alikaa chini palepale, juu ya fifi, akalia mbele ya mgeni wala asijali. Wanawake hawakumbembeleza; walimwacha amalize. Kisha akanyoosha mkono, akaomba daftari na kalamu ya Debora.

"Rudia alivyosema, mayu," akasema. "Taratibu, nisiruke neno."